Hadithi tamu zisizo na ukweli: Mambo yanayoaminiwa na wengi kuhusu historia ya Kenya

WAHENGA walinena kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii hutumiwa mara kwa mara kuthibitisha jambo lolote lililorudiwa vya kutosha, hata kama hakuna ajuaye lilianzia wapi.

Katika historia ya Kenya na jirani zake yapo masimulizi yanayofundishwa madarasani, kukaririwa na waelekezi wa watalii na hata kuchapishwa vitabuni, ilhali hayana msingi.

Baadhi yake ni ya kuburudisha tu. Mengine yamewafuta watu waliofanya kazi, waliokufa au waliogawanywa na mipaka, na mahali pao yakawekwa malkia, simba au nahodha mashuhuri. Yafuatayo ni machache kati ya masimulizi hayo, pamoja na yale yanayoonyeshwa na kumbukumbu.

Maji ya Nanyuki

Mji wa Nanyuki umepitiwa na ikweta, na kwa miaka mingi wasafiri wanaoshuka garini kupiga picha kwenye ubao wa ikweta wamekuwa wakionyeshwa ajabu moja. Mwonyeshaji hutia maji katika beseni lenye tundu chini, kisha huelekeza kijiti juu ya maji hayo.

Hatua chache kaskazini mwa ubao, kijiti huzunguka upande mmoja. Hatua chache kusini, huzunguka upande wa pili. Juu ya mstari wenyewe, maji hushuka moja kwa moja. Maonyesho kama hayo hufanyika pia Kayabwe, nchini Uganda.

Kanuni inayotajwa na waonyeshaji ni ya kweli. Kwa sababu dunia huzunguka, hewa na maji yanayosafiri masafa marefu hupindishwa upande wa kulia katika kizio cha kaskazini, na upande wa kushoto katika kizio cha kusini. Nguvu hiyo hujulikana kwa jina la Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis, aliyeeleza hesabu zake mwaka wa 1835.

Ndiyo sababu kimbunga Idai, kilichoipiga Beira nchini Msumbiji mnamo Machi 2019, kilizunguka kwa mwelekeo wa akrabu za saa, ilhali vimbunga vya kaskazini mwa ikweta huzunguka kinyume.

Hata hivyo, nguvu hiyo ni dhaifu mno kuweza kuyaamuru maji ya beseni. Isitoshe, hupungua kadiri mtu anavyoikaribia ikweta, na kwenye ikweta yenyewe huwa sufuri. Hatua chache kaskazini au kusini haziwezi kuleta tofauti yoyote inayoonekana kwa macho. Kinachoamua mwelekeo ni jinsi maji yalivyomiminwa, umbo la chombo, na namna mwonyeshaji anavyogeuka kabla ya kulisimamisha beseni.

Ili kuiona nguvu hiyo ikifanya kazi chomboni, Profesa Ascher Shapiro wa chuo cha MIT nchini Marekani alilazimika mwaka wa 1962 kutumia tangi lenye upana wa karibu mita 1.8, na kuyaacha maji yatulie kwa saa 24 kabla ya kulifungua tundu. Mwaka wa 1965 watafiti mjini Sydney, Australia, walirudia jaribio hilo na kuona maji yakizunguka kinyume na ya Shapiro.

Anayelipia maonyesho ya Nanyuki, kwa hivyo, hulipia kiinimacho. Hakuna ubaya katika kiinimacho, ila mwanafunzi asikipeleke kwenye mtihani wa fizikia.

Kilimanjaro hakikuwa zawadi

Yeyote aliyewahi kuchora ramani ya Kenya anaikumbuka kona ile. Mpaka na Tanzania hutoka pwani ukiwa umenyooka kana kwamba ulichorwa kwa rula, kisha hupinda kuuzunguka Mlima Kilimanjaro, halafu hunyooka tena hadi Ziwa Victoria.

Maelezo yanayopendwa ni kuwa Malkia Victoria wa Uingereza alimpa mlima huo mjukuu wake, Kaiza Wilhelm wa Pili wa Ujerumani, kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Inasemekana malkia alikuwa na milima miwili yenye theluji Afrika Mashariki, naye mjukuu hakuwa na hata mmoja.

Tarehe peke yake zinatosha kuikanusha hadithi hiyo. Serikali za London na Berlin ziliafikiana kuhusu mpaka huo mwishoni mwa mwaka wa 1886. Wakati huo Wilhelm wa Pili hakuwa ametawazwa. Alikalia kiti mnamo Juni 1888. Aliyekuwa Kaiza mwaka wa 1886 ni babu yake mzaa baba, Wilhelm wa Kwanza, ambaye hakuwa mjukuu wa Victoria.

Kilichoupinda mpaka ni mbio za kutafuta mikataba. Mwaka wa 1884 Mwingereza Harry Johnston alifanya mikataba katika eneo la Taveta. Mwaka uliofuata, Karl Jühlke, mjumbe wa Mjerumani Karl Peters, alifanya mkataba na Mangi Rindi wa Moshi, aliyekuwa akitafuta washirika dhidi ya mahasimu wake kama vile Mangi Sina wa Kibosho.

Wakoloni walipoketi kugawana, kila upande ulishikilia karatasi zake. Mstari ulianzia mlango wa Mto Umba, ukapita Ziwa Jipe, ukaiacha Taveta upande wa Waingereza na nchi ya Wachaga upande wa Wajerumani, ukauzunguka mlima kwa kaskazini, kisha ukaelekea Ziwa Victoria. Mkataba uo huo ulitambua ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 kuwa wa Sultani wa Zanzibar.

Hadithi ya zawadi huufanya ugawaji wa Afrika uonekane kama mzaha wa familia ya kifalme. Wadigo, Wamaasai na Wakuria, ambao hadi leo wana jamaa pande zote mbili za mpaka, walitenganishwa na makubaliano ya serikali mbili ambazo hazikuwauliza lolote.

Simba wa Tsavo walikula watu wangapi?

Kati ya Machi na Desemba 1898, simba wawili walivamia kambi za wafanyakazi waliokuwa wakijenga daraja la reli katika Mto Tsavo. Kazi ilisimama kwa muda, nao baadhi ya vibarua wakatoroka. Mhandisi aliyesimamia ujenzi, John Henry Patterson, aliwaua simba hao wawili mwezi wa Desemba, na mwaka wa 1907 akachapisha kitabu kuhusu kisa hicho.

Idadi inayotajwa kila mahali ni watu 135. Lakini katika kitabu chake Patterson alitaja Wahindi 28, akaongeza kuwa Waafrika wengi pia waliliwa, ila hakuna aliyeweka rekodi rasmi ya vifo vyao. Idadi ya 135 aliitoa mwaka wa 1925, miaka 27 baada ya tukio, katika kijitabu cha jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, ambalo lilikuwa limenunua ngozi na mafuvu ya simba hao kutoka kwake.

Mwaka wa 2009 wanasayansi walichapisha matokeo ya kupima kemikali katika mifupa na nywele za simba hao, ambazo huhifadhi alama za chakula alichokula mnyama. Walikadiria kuwa walikula watu wapatao 35, mmoja wao akiwa amekula takriban 24 na mwenzake 11. Utafiti wa mwaka wa 2024 kuhusu nywele zilizonasa katika meno yao yaliyovunjika ulipata DNA ya binadamu, pamoja na ya twiga, pundamilia, nyumbu, kuro na choroa.

Makadirio hayo yanahusu walioliwa. Huenda wapo waliouawa bila kuliwa, kwa hivyo idadi kamili ya waliokufa haiwezi kusemwa kwa uhakika. Jambo moja dogo linajulikana wazi: simba hao wa kiume hawakuwa na manyoya ya shingoni, kama ilivyo kawaida kwa simba wengi wa Tsavo, ingawa katika filamu ya Hollywood ya mwaka wa 1996 walionyeshwa wakiwa nayo.

Hata hivyo, suala kubwa zaidi halihusu simba. Kumbukumbu za reli hiyo, iliyoanza Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Kisumu mwaka wa 1901, zinaonyesha kuwa wafanyakazi 2,493 kutoka India walifariki, na wengine 6,454 wakarudishwa kwao wakiwa wagonjwa au walemavu. Malaria, kuhara damu, vidonda na ajali viliua watu wengi mno kuliko simba, hata idadi ya 135 ikikubaliwa ilivyo.

Nao Waafrika waliofia kwenye reli hiyo hawana tarakimu yoyote inayojulikana. Simba wana makumbusho, kitabu na filamu. Wafu hao hawakupata hata kuhesabiwa.

Wahindi wa Kenya na reli

Kutokana na historia hiyo kumezuka dhana nyingine: kwamba Wakenya wenye asili ya Kihindi ni uzao wa vibarua waliojenga reli.

Kumbukumbu zinasema vingine. Wafanyakazi 31,983 waliletwa kutoka India, wengi wao kutoka Punjab. Kati yao, 16,312 walirejea makwao mikataba ilipokwisha. Ukiwaondoa pia waliofariki na waliorudishwa kwa ugonjwa, waliobaki Afrika Mashariki walikuwa 6,724 tu.

Familia nyingi za Kihindi zilizopo leo zimetokana na wafanyabiashara, mafundi na makarani waliojilipia nauli wenyewe, hasa kutoka Gujarat, Kutch na Punjab. Mfano ni Allidina Visram, ambaye jina lake limo katika shule maarufu ya upili mjini Mombasa. Alikuja kutoka Kutch akiwa kijana katika miaka ya 1860, zaidi ya miongo mitatu kabla ya reli kuanza kujengwa.

Uhusiano wenyewe ni wa kale zaidi ya hapo. Wareno walipofika Malindi mwaka wa 1498 walikuta merikebu za Wahindi zimetia nanga. Serikali ilipowatambua Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 nchini mwaka wa 2017, baadhi ya wananchi walishangaa, pengine kwa sababu walikuwa wamefundishwa kuwa wenzao hao waliletwa na garimoshi.

Nahodha wa Malindi

Merikebu hizo zinaleta kisa kingine. Baada ya kupokewa kwa uhasama Mombasa, Vasco da Gama alipokewa vyema na mfalme wa Malindi mnamo Aprili 1498. Mfalme huyo alimpa rubani wa kumvusha bahari. Waliondoka Malindi Aprili 24, na kufikia Mei 20 walikuwa karibu na Calicut, India.

Vitabu vingi husema kuwa rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, baharia na mshairi mashuhuri wa Kiarabu kutoka Julfar, eneo ambalo leo ni Ras al-Khaimah. Kuna wanaomsifu kwa hilo, na wapo wanaomlaumu kwa kuwafungulia Wareno mlango wa Bahari ya Hindi.

Wareno wenyewe hawakumtaja. Waandishi wao wa karne ya 16 wanamwita rubani huyo Malemo Cana au Malemo Canaqua, na mmoja wao anasema wazi kuwa alikuwa mtu wa Gujarat. Naye Ibn Majid, aliyeandika mengi kuhusu ubaharia, hasemi popote kwamba aliwaongoza Wareno.

Aliyeanzisha dai hilo ni mwanahistoria wa Makka, Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyeandika miongo mingi baada ya safari. Katika karne ya 20 msomi Mfaransa Gabriel Ferrand alilieneza Ulaya. Wataalamu waliofuata, akiwemo G. R. Tibbetts aliyefasiri maandishi ya Ibn Majid mwaka wa 1971, walilikataa.

Cha kuvutia ni kwamba hata "Malemo Cana" halikuwa jina la mtu. "Malemo" ni neno la Kiarabu lililotupa pia neno "mwalimu", ambalo mabaharia walilitumia kwa anayejua njia za bahari. "Canaqua" ni neno la Kihindi lenye maana ya mjuzi wa hesabu na nyota. Wareno waliandika cheo mara mbili, kwa lugha mbili. Jina la mtu aliyewavusha bahari halikuandikwa.

Kiswahili si mtoto wa Kiarabu

Dhana nyingine iliyokita mizizi ni kwamba Kiswahili kilizaliwa kwa Waarabu kuoana na Waafrika, kikawa nusu Kiarabu na nusu Kibantu. Ni kweli kwamba jina lenyewe linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani, na kwamba maneno mengi ya dini, sheria na biashara yana asili hiyo.

Lakini lugha haipimwi kwa maneno ya kuazima. Kiswahili kina ngeli za nomino, viambishi vya nafsi na vya wakati, na minyambuliko ya vitenzi, mambo ambayo ni ya Kibantu kabisa. Wanaisimu wanakiweka katika kundi la Sabaki pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro.

Tarakimu zinaonyesha wazi jinsi kuazima kulivyotokea. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu, lakini haziku­ziba pengo: Kiswahili kilikuwa na tandatu, fungate na kenda. Kenda bado husikika. Fungate nayo inatumiwa hadi leo na maharusi, ambao wengi wao hawajui kuwa neno hilo lilihusu siku saba.

Dhana hii imekuwa na gharama. Wapo waliokiona Kiswahili kuwa lugha ya wageni, hivyo kisichostahili hadhi. Nchini Kenya kilisubiri hadi Katiba ya mwaka wa 2010 kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza.

Si kila la ajabu ni uongo

Msomaji asije akahitimisha kuwa kila simulizi la kale ni la kutupwa. Mmishonari Johannes Rebmann alipoandika kuwa ameona theluji kwenye Kilimanjaro mnamo Mei 1848, mabingwa wa jiografia mjini London, hasa William Desborough Cooley, walimbeza. Kwao, theluji karibu na ikweta ilikuwa ndoto. Rebmann ndiye aliyekuwa na haki, nao Wachaga walikuwa wakiijua theluji hiyo tangu jadi.

Vivyo hivyo, habari kwamba twiga kutoka Malindi alifikishwa China mwaka wa 1415 husikika kama hekaya, lakini ipo katika kumbukumbu za utawala wa Mfalme Yongle.

Hata masimulizi ya Waswahili kuhusu mababu wa Shirazi, ambayo wasomi wengi waliyaona kuwa ya kujikweza, yamepata uzito mpya. Mwaka wa 2023 watafiti, akiwemo mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa DNA ya watu wa kale waliozikwa katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Walipata kuwa wengi wao walikuwa na asili ya Kiafrika, hasa kwa upande wa akina mama, pamoja na asili ya Kiajemi kwa upande wa akina baba, na kwamba mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka wa 1000.

Matokeo hayo hayapingani na asili ya Kibantu ya Kiswahili. Wageni walikuja, wakaoa, nao watoto wao wakazungumza lugha ya mama zao.

Namna ya kupima lisemwalo

Visa hivi vinaonyesha kuwa hadithi haihitaji maabara ili ipimwe. Maswali matatu mara nyingi hutosha: Nani alikuwa wa kwanza kulisema jambo hili? Alilisema muda gani baada ya tukio? Je, tarehe na majina yaliyomo yanalingana?

Zawadi ya Kilimanjaro huanguka kwenye swali la tatu. Dai kuhusu Ibn Majid huyumba kwenye la kwanza na la pili, na watu 135 wa Tsavo huleta shaka kwenye la pili. Theluji ya Rebmann, kwa upande wake, iliripotiwa papo hapo na mtu aliyeiona kwa macho yake.

Kuna pia swali la nne, ambalo huulizwa kwa nadra: Ni nani asiyetajwa katika hadithi hii? Kwa Tsavo, jibu ni vibarua Waafrika ambao hakuna aliyewahesabu. Kwa Malindi, ni rubani wa Gujarat ambaye hakuna aliyeuliza jina lake.